Jina la Birika

Thuwaiba kapiga simu kutoka Izmir,
anasomea meno huko, mwaka wa tatu,
anacheka hata maneno hayatoki:
"Mama, bibi mwenye nyumba kanituma ibrik.
Nikaenda moja kwa moja jikoni, nikarudi nalo.
Kanitazama kama nimezaliwa kwao."

Mie nilikuwa nalo mapajani saa hiyo hiyo,
letu, la shaba, mkono umefungwa waya,
nangoja zamu yangu kwa fundi Shaame, Wete,
nyuma ya mtu mwenye masufuria matatu
na jiko la mafuta lisilowaka.
Linavuja pale mdomo unapoungana na tumbo.
"Umekwenda kote huko," nikamwambia,
"kufundishwa jina la kitu cha jikoni kwangu?"

Hakukoma. Thuwaiba akishika neno
ni kaa kashika kidole.
Usiku simu ikalia, ikalia tena:
kumbe na Waturuki waliazima.
Walilitoa kwa Waarabu,
na Waarabu walilisikia Uajemi, wakaligeuza
lipite kooni mwao,
kama sisi tulivyolikata i ya mbele
tukalitia a nyuma, lipate pa kukalia.
Na huko Uajemi, Mama, yalikuwa maneno mawili:
ab, maji.
Rez, mimina.

Nikausoma ujumbe mara mbili bila miwani,
mara moja nayo.
Ndiyo hayo tu?
Nilidhani litakuwa jina la mji, au la sultani.
Mtoto asiyeota magego angeliita hivyo.

Fundi Shaame hakushangaa.
Alikuwa anayeyusha lehemu, jicho moja kalifumba.
"Ufagio hufagia," akasema, "kifuniko hufunika,
ufunguo hufungua.
Wageni tu ndio huingia nyumbani
bila ya kusema kazi yao."

Msimu wa karafuu uliopita alipita kijana
wa duka la vitu vya kale, Shangani.
Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.
"La Kituruki hili, bibi. Laki mbili."
Nikamuuliza kajuaje.
Akasema watalii wanalipenda hilo neno.
Nikamwambia limenunuliwa Chake, dukani kwa Banyani,
mwaka nilioolewa,
na bei tulikatiwa kwa sababu ya hicho kibonyeo.

Mengine sikumwambia.
Sikumwambia kuwa waosha walileta ndoo ya plastiki
na kopo la rangi lililosuguliwa,
nikasema hapana, si kwa Khatibu.
Nikalileta hili.
Maji ya majani ya mkunazi, ya vuguvugu,
kisha ya karafuu maiti, ambayo si karafuu;
kisiwa kizima kinanuka karafuu
na hiyo moja inatoka dukani, nyeupe, ndani ya karatasi.
Wao walisugua. Mie nilimimina.
Mwosha akiinua mkono, nainamisha.
Akiushusha, nanyanyua.
Upande wa kulia kwanza.
Hapakuwa na neno lolote mle chumbani,
la Kiarabu wala la Kiajemi,
ila dua za mdomoni na sauti ya maji
yakipita kwenye koo jembamba la shaba.

Tangu siku ile chai tunachemsha kwa kandirinya.
Hakuna aliyekataza.

Shaame akalijaza, akalishika juu ya mchanga.
Tukangoja, sote wawili, kama wanaongojea mwezi.
Halikutoa hata tone.
"Elfu tatu," akasema. "La kazi gani?"
Nikamwambia la kunawia.

Jioni Thuwaiba akauliza tena:
Mama, unalifanyia nini siku hizi birika?
Hakuwepo siku ile. Nauli ilikuwa haijapatikana,
na baba yake hakungoja.
Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi:
Namimina maji.

Akanijibu kwa sura tatu za kucheka.